Nyumba Niliyosema Sikufika

Majina yote nimebadilisha. Vijiji pia nimevihamisha, kimoja nimekipeleka ng'ambo ya mto na kingine nimekipandisha mlimani. Anayetaka kubahatisha abahatishe. Sababu ataiona akisoma.

Mwezi uliopita tulimzika mama mmoja huku chini ya Kikima. Nilienda kwa sababu nilimjua, na kwa sababu katika umri wangu matanga ndiyo kazi iliyobaki. Nilikaa nyuma, chini ya turubai, mikono yangu juu ya bakora. Binti yake mkubwa, ambaye hapa nitamwita Syombua, alisimama kusoma maisha ya mama yake. Ni mtu mzima sasa, ana miwani na sauti iliyozoea mikutano. Anafanya kazi katika chuo kimoja, ofisi ya kuwatafutia wanafunzi karo, kazi ile ile niliyofanya mimi maisha yangu yote bila kukanyaga chuo. Alisoma vizuri. Halafu akaweka karatasi chini, akasema jambo ambalo halikuandikwa. "Mama yangu alikosewa vibaya mara moja. Nilipopita mtihani, kanisa lilimtuma msichana wa ofisi aje aone kama tunastahili kusaidiwa karo. Hakufika kwetu. Aliandika akiwa barabarani ati tunajiweza. Mimi leo nikipata vijana wapya kazini, siku ya kwanza nawaambia hiyo habari. Nawaambia, fanya kazi vyovyote utakavyo, lakini usiwe yule msichana." Watu wakaguna. Mzee aliyekaa kando yangu akatikisa kichwa, akaniambia, "Watu wengine hawana haya." Msichana yule ni mimi. Na nilifika.

Mambo ya kuzaliwa kwangu na ya wazazi wangu nayaacha, hayana kazi hapa. Naanza na chumba. Ofisi ilikuwa stoo ya kanisa pale Kikima. Zamani walikuwa wakiweka humo mahindi ya msaada, na dawa ya wadudu ilikuwa imeingia hata kwenye kuta, kwa hivyo chai yetu ilikuwa na harufu yake. Kulikuwa na meza mbili, kabati ya chuma ambayo droo yake ya chini haikukubali kufungwa, na dirisha la wavu lililoangalia kibanda cha fundi wa cherehani. Asubuhi ukungu wa mlimani uliingia kwa dirisha hilo na kukaa nasi kama mgeni asiye na haraka. Mimi niliandikwa kufagia na kupika chai. Nilikuwa na miaka ishirini na kidogo, nimeachia shule darasa la sita, na mwandiko wangu ulitembea kama kuku mwenye mguu mbovu. Mkubwa wa ofisi alikuwa Mwalimu Kivuva, mwalimu mkuu aliyestaafu, mtu wa koti moja, aliyekunywa chai na nduma saa nne kamili na hakupenda maneno. Kanisa lilikuwa na marafiki wa mbali waliosomesha watoto wa maskini, na kazi ya Mwalimu ilikuwa kujua maskini ni nani. Ukidhani hiyo ni kazi rahisi, hujaishi Ukambani.

Siku moja nilikuwa naingiza chai, nikakuta mzee amesimama mbele ya meza, shati limeraruka mgongoni, miguu mitupu, anaeleza taabu zake mpaka sauti inakatika. Mwalimu alikuwa ameshachukua kalamu. Nikaweka kikombe, nikasema bila kuulizwa, "Viatu vyake viko kwa fundi hapo nje. Nimemwona akivivua." Mzee akaniangalia kama nimemmwagia ile chai. Mwalimu akauliza, "Labda ni vya kushonwa?" Nikamwambia, "Fundi huyo anashona nguo, Mwalimu. Na angalia visigino. Mtu asiyevaa viatu ana nyufa za kuingiza sarafu. Hivi vya huyu ni laini kama vya mtoto." Mzee akaondoka bila kuaga. Mwalimu alimaliza chai yake pole pole, halafu akafungua droo, akanipa kalamu. "Kesho ufagio utashikwa na mwingine. Wewe utaenda kuona nyumba." Nilishtuka hivi kwamba nilirudi jikoni nikafagia mahali nilipokuwa nimefagia.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi, na mwaka huo ulinifundisha kuliko miaka yote iliyofuata. Utaratibu ulikuwa huu: Jumapili mzee wa kanisa anatangaza kwamba wiki hii mtu wa ofisi atatembelea nyumba za upande fulani. Mimi natembea, naangalia, naandika fomu, kamati inakaa, halafu majina ya watoto waliochaguliwa yanasomwa kanisani. Niliona mambo. Niliona tajiri ameondoa mabati ya jikoni akaweka nyasi, na misumari bado inang'aa. Niliona boma tupu lenye kinyesi cha mbuzi cha asubuhi hiyo hiyo, na mwenye boma ananiambia mbuzi wa mwisho alikufa wakati wa kiangazi. "Alikufa leo saa ngapi?" nikamwuliza. Mke wake alicheka kabla hajajizuia. Nilijulikana. Wanawake walianza kuambiana, "Huyo Nduku ana macho ya mwewe, ficha vizuri." Nami nikavimba kichwa. Nilidhani watu wote hudanganya kuelekea upande mmoja, upande wa kujifanya maskini. Haikunijia akilini kwamba kuna wanaodanganya kuelekea upande ule mwingine.

Nyumba ya Mama Syombua ilikuwa mbali. Barabara iliishia sokoni, halafu unateremka bonde, unavuka mto wa mchanga, unapanda tena katikati ya matuta ya shamba. Nilifika saa saba, nimetembea tangu asubuhi, tumbo linaongea. Nilipokelewa kama mchungaji. Ndani kulikuwa na viti vinne vyenye vitambaa vilivyofumwa kwa sindano, redio juu ya meza, na vikombe vya udongo vya maua. Watoto watano walikuwa wamesimama ukutani kwa mstari, wamepakwa mafuta wakang'aa, na Syombua, aliyekuwa na miaka kumi na minne, alivaa viatu vyeusi. Mama yake, mwanamke mrefu asiyecheka ovyo, alininawisha mikono. Akaleta kuku wa mchuzi, akaleta chapati, akaleta chai ya maziwa na bakuli la sukari, nijiwekee nipendavyo. "Na nyinyi?" nikauliza. "Sisi tumekula," akasema. "Kula mgeni, usione haya." Nikamwuliza baba wa watoto yuko wapi. "Yuko Mtito Andei, anapakia malori. Hutuletea." Alisema hivyo akiwa amenitazama usoni, na mtoto mdogo kabisa alikuwa akitazama shingo ya kuku kwenye sahani yangu. Nakumbuka jicho la yule mtoto leo kuliko sura ya mume wangu. Siku hiyo nililiona, nikafikiri, watoto hawana adabu. Mimi niliyesoma visigino vya mzee mzima sikuangalia kama viatu vya Syombua vilikuwa vya mguu wake. Nilikuwa nakula. Nikaandika kwenye fomu: Wanajiweza. Baba ana kazi. Chakula tele, kuku na chapati.

Majina yalisomwa Jumapili, la Syombua halikuwemo. Jumanne iliyofuata niliteremka sokoni kule kusagisha mahindi, kwa sababu kinu cha Kikima kilikuwa kimeharibika. Foleni ilikuwa ndefu, mashine inanguruma, na wanawake wawili nyuma yangu walikuwa wakipiga kelele ili wasikizane. Nilikuwa nimejifunga leso mpaka kwenye nyusi kwa sababu ya vumbi la unga. "Kuku wangu amekufa bure," mmoja akasema. Mwenzake akajibu, "Wewe ulitoa kuku. Mimi nilitoa unga wa ngano uliokuwa wa arusi ya dada yangu." "Viatu vya msichana wangu vimerudi vimetanuka." "Viti vyangu vimerudi salama, lakini kikombe kimoja kimevunjika mkono, na sina roho ya kumwambia." Halafu yule wa kwanza akasema, "Na baada ya yote mtoto ameachwa." Mwenzake akacheka kicheko kibaya. "Si tulimshibisha sana yule wa ofisi. Mtu amebeba kuku mzima tumboni, utamwonyesha njaa aione na jicho gani?" Zamu yangu ilifika, mwenye kinu akaniita mara mbili. Nilimwachia gunia nikatoka nje.

Nilivuka mto saa hiyo hiyo. Safari hii hakuna aliyetangaza kwamba naja. Chumba kilikuwa kitupu, kuna mkeka tu na gunia la nguo. Viti havikuwepo, redio haikuwepo. Jikoni sufuria ilikuwa ikichemsha papai mbichi lililokatwa vipande, na kando yake chumvi kwenye karatasi. Syombua alikuwa nje akipura mbaazi za mtu mwingine kwa kibarua. Mama yake alinitazama nikitazama. Hakunikaribisha, na kwetu hilo peke yake ni habari.

"Umesahau nini?" akaniuliza.

"Mama, mbona ulinifanyia hivyo? Ulijua nimekuja kuona shida."

"Ulikuja nyumbani kwangu. Mgeni hulishwa. Ulitaka nikupe nini, maji na machozi?"

"Na baba yao?"

"Miaka miwili sijui kama yuko hai. Ulitaka nikuambie hivyo mbele ya watoto wake?"

Nikamwambia nitarekebisha. Nitaiambia kamati kwamba vitu vyote vilikuwa vya kuazima, na nafasi ya Syombua shuleni bado ilikuwa yake mpaka Ijumaa ya wiki hiyo. Nilidhani atanishukuru. Alikaribia mpaka nikasikia pumzi yake. "Sikiliza, msichana. Vitu hivyo vilitoka kwa kundi letu la mwethya. Tunalimiana, tunajengeana, na mmoja akipata mgeni wote wanamvisha. Leo ni mimi, kesho ni mwingine. Ukienda kusema kwa kamati, Jumapili kanisa zima litajua mimi niliomba mpaka kikombe, na wale walioniazima wataitwa waongo. Nani atamwazima mwenzake tena? Afadhali Syombua akae hapa apure mbaazi." Nikamwuliza kama anasikia anachosema, mtoto ni wa kwanza katika shule nzima. "Nimesikia," akasema. "Nenda." Syombua alikuwa ameacha kupura. Sijui alisikia nini kwa upepo ule. Naona sasa kwamba hakusikia.

Nimefikiria mara nyingi safari ya kurudi siku hiyo. Watu husema mwenye makosa aseme ukweli na Mungu atamsaidia. Mimi nilikuwa na ukweli mkononi, na ukweli huo ungemvua nguo mwanamke ambaye kosa lake lilikuwa kunilisha. Sheria za Mwalimu zilikuwa zimebandikwa ukutani. Jina ambalo halikusomwa kanisani haliongezwi, ili wazee wasianze kutiwa hongo mikononi nyuma ya jengo. Njia ilikuwa moja tu. Kama aliyetumwa hakufika kwenye nyumba, fomu ni kama haijaandikwa, na mtu mwingine anatumwa bila kutangazwa. Mwalimu huacha nafasi moja wazi kila mwaka kwa mtoto wa aina hiyo. Sheria hiyo ilitungwa kwa sababu ya kijana mmoja kabla yangu, aliyejazia fomu zake hotelini. Nilipokuwa msichana wa ufagio nilikuwa nimemcheka sana kijana huyo.

Jumatano kamati ilikaa, wazee wanne na Mwalimu, na mimi nikamimina chai kabla sijasema. Nikasema, "Ile nyumba ya ng'ambo, ya Mama Syombua, sikufika. Nilichoka. Niliandika nikiwa barabarani." Mzee wa kwanza aliweka kikombe chini bila kukipata kisahani, chai ikamwagika mezani. Mwalimu alitoa fomu kabatini akaisoma kwa sauti, neno kwa neno, halafu akanitazama juu ya miwani.

"Umeandika hapa kuku na chapati."

"Nilibuni."

"Ulibuni kuku?"

"Nilikuwa na njaa, Mwalimu."

Wakacheka, wazee wanne wote, mpaka mmoja akafuta macho. Halafu kicheko kikaisha na kilichofuata kilikuwa kibaya. Yule mzee wa chai akasema mimi ni mfano wa kwa nini kazi ya kalamu haipewi mwanamke wa darasa la sita. Akasema damu ya mtoto ingekuwa juu yangu. Nilijua wakati huo huo kwamba ananisema mimi na wasichana wote watakaokuja nyuma yangu, na hilo ndilo lililonichoma. Nusura nifungue mdomo. Nilishika birika kwa mikono miwili mpaka likaniunguza. Walininyang'anya kalamu hapo hapo. Alhamisi mzee mmoja alienda ng'ambo bila kutangazwa, akakuta papai. Ijumaa Syombua aliingia shule na sanduku la bati, amevaa viatu alivyonunuliwa na kanisa, ambavyo safari hii vilikuwa vyake.

Jumapili nilisimamishwa mbele. Nilisema maneno niliyopewa: nilikuwa mvivu, nilidanganya, naomba msamaha kwa familia hiyo na kwa kanisa. Mama Syombua alikuwa amekaa benchi la tatu, na wale wenzake wa mwethya wamemzunguka kama boma. Nilimtafuta jicho. Alinitazama kama anavyotazamwa mtu mvivu, si zaidi ya hapo. Siku ya soko, Kikima, nilimkuta amekaa nyuma ya parachichi zake na watu wamejaa, nikainama kumsalimia. Akasema kwa sauti ya kusikika mpaka stendi, "Wewe si ndiye yule wa kuandika watu kutoka barabarani? Leo umepata nguvu ya kutembea?" Wanawake wakapasuka. Nilijiambia anafanya hivyo kwa sababu ya watu, na kwamba siku tukikutana wawili peke yetu atasema neno. Tulikutana wawili peke yetu mara nyingi katika maisha, kwenye kisima, kwenye njia, mara moja kwenye wodi ya hospitali vitanda vikiwa vimekaribiana. Aliniuliza habari ya watoto. Neno lile hakulisema. Nilikuwa na hasira naye miaka mingi. Halafu nikazeeka nikaona kwamba kunishukuru kungekuwa sawa na kukiri yule kuku, na yeye hakuwa mtu wa kukiri kuku.

Mwisho wa mwaka huo Mwalimu aliniita, mimi na ufagio wangu. Alikuwa ameweka kalamu juu ya meza. "Nimeenda ng'ambo mwenyewe," akasema. "Nimesimama barabarani kila mahali. Nyumba ile haionekani kutoka barabara yoyote. Na fomu yako imeandika watoto watano." Aliningoja kama anavyongoja mwalimu, halafu akaona sitajibu. "Sawa. Utarudi kazini. Lakini kuanzia leo hatutangazi, na wewe huli kwa mtu." Sikula tena. Nilipanda kutoka ofisi ile mpaka kamati za wadi za kugawa basari ya karo, nikafundisha vijana wenye diploma jinsi ya kuangalia jikoni kabla ya sebule, na katika miaka hiyo yote, Mbooni mpaka Kanyangi, nimekataa chakula kwenye nyumba ambazo kukataa ni tusi. Nimeitwa mwenye maringo, nimeitwa mchawi anayeogopa sumu ya wenzake. Mama mmoja alilia. Nilimwacha alie, nikaenda kuangalia sufuria yake.

Sasa pale matangani, baada ya udongo kurudishwa, nilikuwa natafuta njia ya kutoka polepole. Mtu fulani mwenye kumbukumbu ndefu alikuwa amemnong'oneza Syombua, maana nilimwona akija moja kwa moja kwangu, miwani mkononi. Akachuchumaa mbele ya kiti changu, kwa heshima, kama alivyolelewa.

"Mama, wameniambia ni wewe. Yule msichana wa ofisi." Nikaegemea bakora. "Sikujua uko hapa, nisingesema vile mbele ya watu. Lakini nimekuwa na swali moja tangu nikiwa mtoto. Siku ile kuna mgeni alikula kwetu. Nakumbuka viatu vilinibana. Mama alikataa mpaka kufa kwake, alisema ni mgeni mwingine, mtu wa kupita. Niambie tu. Ulifika kwetu, au hukufika?"

Nilimtazama. Ana paji la uso la mama yake, na shingo ile ile ndefu. Nyuma yake kaburi lilikuwa bado bichi, na wale wa mwethya wa mama yake waliobaki, vikongwe watatu, walikuwa wamekaa kwenye benchi moja wakitutazama bila kupepesa.

"Sikufika," nikamwambia. "Nilichoka."

Alivuta pumzi, akavaa miwani yake. "Asante kwa kusema ukweli, mama. Wengi wangekana."

Nikamwambia aende, wageni wa mama yake hawajala.